Spika zangu zinasema aliyeimba si mke wangu

Mpendwa Shangazi Odeta,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa huenda mimi ndiye mkubwa, maana picha yako hapo gazetini haijazeeka hata siku moja tangu nianze kukusoma, na mimi nina miaka hamsini na nne, kitambi, na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kwanza. Naomba msaada wako, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia kwenye redio na sasa limefika kwenye ndoa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, Mhaya wa Muleba, naitwa Rwehumbiza, lakini hapa Nyegezi ninapoishi wananiita Baba Nice kwa jina la binti yetu wa kwanza, na mke wangu Immaculata ndiye Mama Nice, Mkerewe wa Nansio, na mwezi wa kumi mwaka huu tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa.

Kwa miaka mingi sebule yetu ilikuwa na sabufa kama za watu wote, ile yenye taa za bluu na nyekundu kama gari la wagonjwa, na nilijiona nimefika, mpaka mwaka juzi ilipoanza kukoroma nikaipeleka kwa fundi mmoja wa pale Makoroboi anaitwa Zadok, Mjaluo wa Shirati, mtu mpole ila ulimi wake hauna breki, akaiwasha, akaisikiliza ameinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, akaizima, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mama anayeimba ana ukubwa gani?" Nikamwambia sijaelewa swali. Akasema, "Namuulizia huyu mama wa humu ndani. Kwenye redio yako ana mdomo wa kiboko na miguu hana." Halafu akanipeleka nyuma ya kibanda chake, kuna chumba kidogo ambacho hakionyeshi kila mteja, akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya maboksi mawili ya mbao na ampli ya zamani isiyo na taa yoyote ya maana, akaweka kaseti ya mzee mmoja wa kwao anayepiga nyatiti, na Shangazi nakuapia, yule mzee alikuwa ameketi pale. Nilisikia kucha zake kwenye nyuzi, nikasikia ile pete ya chuma anayovaa kwenye dole gumba la mguu ikigonga ubao, nikasikia akivuta kamasi. Niligeuka nimwamkie. Zadok akacheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Ukisikia spika, bado hujafika. Ukizisahau spika, umefika."

Basi nikapata ugonjwa. Ampli nilinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao kustaafu, nzito kama mfuko wa saruji, nikaibeba mwenyewe na mgongo mpaka leo unanikumbusha. Maboksi ya spika alitengeneza Nestory, seremala wa Misungwi, kwa mbao za mninga, na yule mtu ni wa kuheshimiwa, alikuwa anagonga kila ubao kwa kidole kabla hajaukata, anaweka sikio, anatikisa kichwa, anautupa pembeni akisema huu unajibu, nataka usiojibu. Zadok akafunga wufa na twita, akatengeneza saketi ya kuwagawia kazi, huyu apige nene, huyu apige nyembamba, wasigombane. Stendi za kuwekea spika wala sikuagiza popote, maana kwetu Nyegezi jiwe ndilo tusilolikosa, nyumba yenyewe imekaa juu ya mwamba, kwa hiyo wapasua mawe wa mlimani wakanichongea vipande viwili, kila kimoja kimebebwa na wanaume wanne, na Zadok akavipiga teke akaumia, ndiyo akaridhika.

Kisha ikaja kazi ya chumba, na hapo ndipo Mama Nice alipoanza kunitazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika. Spika zisogee mbali na ukuta, nikasogeza. Pazia ziwe nzito, nikashona blanketi nyuma ya pazia. Sakafu ya vigae inarudisha sauti, nikatandika mkeka na juu yake zulia la chumbani. Sofa zote nikazihamishia barazani pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, na katikati ya sebule nikaacha kiti kimoja tu, nimekizungushia alama za chaki sakafuni, masikio yawe sawa na twita, umbali wa kushoto na wa kulia uwe sawa mpaka sentimita. Jirani yangu Chenge alipokuja akasimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, mmepata msiba?" Nikamkalisha, nikampigia dansi la zamani, akasikiliza kwa adabu, mwisho akasema, "Ni nzuri, ila besi ameenda wapi? Hili redio halijala?" Na mke wangu akasema kutoka jikoni, "Hiyo siyo sebule tena, ni studio ya picha za pasipoti. Kiti kimoja, wengine wasubiri nje."

Lakini Shangazi, natamani ungesikia. Besi ipo, ila imekaa mahali pake, unasikia kidole kikitua kwenye waya na kuondoka, siyo ule mtikisiko wa kugongesha vikombe kabatini. Ngoma ina ngozi. Tarumbeta ina mate. Mwimbaji ana mdomo wa kawaida, urefu wa kawaida, unajua amesimama wapi na ameangalia wapi, na wimbo niliousikia tangu niko darasa la tano nikaugundua una mtu wa pili anayeitikia nyuma ambaye sikuwahi kumjua, nikamwonea huruma, miaka yote hiyo anaimba na mimi sina habari naye.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka tisini na tisa nilikuwa mwalimu kijana Misungwi, nina redio kaseti ya spika moja na betri ninazianika juani ziongeze nguvu, nikanunua kaseti ya kwaya ya Nansio, yenye wimbo wa mavuno ambao mwanamke mmoja anaongoza peke yake na kwaya inamjibu, na sauti ile ilinifanya niache kusahihisha madaftari ya kidato cha pili, nikakaa tu. Kwenye jalada la kaseti wanakwaya wamesimama juu ya mawe ziwani na sare zao za kijani, na mbele yao binti mmoja mrefu ameinua mkono na kufungua mdomo. Nikasema huyu ndiye. Likizo ilipofika nikapanda meli nikaenda Nansio, nikamtafuta yule wa kwenye jalada, nikamkuta uwanjani kwa kanisa anaosha masufuria ya kwaya, nikamwambia bila hata salamu, maana hotuba yote niliyoiandaa kwenye meli ilianguka majini, "Wewe ndiye ile sauti." Akacheka, akafunika mdomo kwa kanga, akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akanipa sato na ugali wa muhogo, na miaka miwili baadaye tukafunga ndoa. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye harusi yetu, kwenye ubatizo wa watoto wote watatu, kwenye kila ugeni unaozidi watu wanne, na mke wangu anaijua vizuri kiasi kwamba nikianza tu yeye anainuka kwenda kuangalia chai.

Mwezi wa nne nilikwenda Nansio kwa mazishi ya jamaa, nikaonana na mzee Pius aliyekuwa mwalimu wa kwaya wakati ule, akanipa kanda ya kwanza kabisa, ile iliyorekodiwa na bruda mmoja wa misheni kwa maikrofoni mbili tu ndani ya kanisa, kabla wauza kaseti hawajaongezea kinanda juu yake. Nikamweleza habari za spika zangu, akacheka, akasema, "Haya, sasa utasikia."

Nilisikia. Jumamosi asubuhi, Mama Nice yuko sokoni, nikakaa kwenye kiti changu, nikabonyeza, na sebule ikaondoka. Nikaona kanisa. Nakwambia nikaona bati juu, mabenchi, milango iko wazi upande wa ziwa, katikati ya ubeti wa pili meli inapiga honi na hakuna anayeacha kuimba, sauti za kiume zimejipanga kulia kama ukuta wa mawe, za kike kushoto, huyo mwongozaji amesimama hatua mbili mbele yao, kulia kidogo, na mwisho kabisa, noti ya mwisho ikishafia juu kwenye bati, kabla bruda hajazima mashine, kuna mtu kule nyuma kushoto, karibu na mlango, anauliza kwa sauti ya chini, "Nani hajala?" watu wanacheka na mabenchi yanasogezwa. Kaseti za dukani kipande hicho walikikata. Mimi nimekwisha kukicheza hata mara arobaini, kila mgeni namwonyesha jinsi spika zinavyoweza kumsimamisha mtu mlangoni.

Lakini yule mwongozaji, Shangazi. Kila kabla ya ubeti anavuta pumzi, na pumzi ile ina kafilimbi kembamba, hewa inapita kwenye mwanya wa meno. Kwenye kaseti yangu ya Misungwi kinanda kilikafunika. Mke wangu meno yake yamebanana kama mahindi mabichi, mwanya hana. Nikarudia. Nikapima chaki upya, nikasema pengine kiti kimesogea. Nikamwita Zadok, akasikiliza mara mbili, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, mashine haina kosa. Kama unataka nikurudishie ile sabufa, sema tu." Halafu nikakumbuka kwamba Mama Nice akiosha vyombo huimba chini chini, siku zote ile sauti ya chini, na mimi nilidhani sauti yake imezeeka kama magoti yangu.

Alhamisi iliyofuata tukaenda jumuiya, na Selina akaanzisha wimbo. Selina ni mama wa ubatizo wa Nice, shoga wa mke wangu tangu utoto wao Nansio, siku hizi yuko hapa hapa Nyegezi na mume wake, na ana mwanya. Akavuta pumzi. Niliangusha kitabu cha nyimbo. Tangu siku hiyo nimekwenda jumuiya Alhamisi tatu mfululizo na kukaa mbele ili nihakikishe, na ni yeye, hakuna shaka, na mke wangu juzi tukiwa tunarudi akaniuliza, "Baba Nice, miaka yote jumuiya ilikuwa dawa yako ya usingizi, leo unawahi kiti cha mbele. Kuna nini?" Nikasema napenda maombi. Akafunga kanga upya, akatangulia.

Na kikubwa ni hiki, watoto wameandaa jubilei yetu, Nice ndiye mwenyekiti kutoka Dodoma na anaendesha kamati kama jeshi, ratiba imekwishachapwa, mshereheshaji atasimulia jinsi nilivyoifuata sauti kwa meli, kisha kwaya ya Nansio itaingia na mama yao atauongoza ule wimbo mbele ya watu mia tatu. Wameshamwambia tangu mwezi wa tano. Na toka mwezi wa tano huo huo koo linamsumbua, anakunywa tangawizi na limao asubuhi na jioni, hospitali wamemulika wakasema hawaoni kitu. Nimembembeleza mara nyingi akae kwenye kile kiti asikilize kanda, nione uso wake, siku zote ana sufuria jikoni.

Nifanye nini? Nimuulize, nionekane mtu aliyejenga mitambo ya kumpeleleza mkewe? Ninyamaze, nikae mbele ya watu mia tatu nikijua? Nimfuate Selina faraghani nimuulize yeye? Wakati mwingine nikiwa kwenye kiti changu najiuliza kama nilioa picha ya jalada. Na la kuaibisha zaidi nalisema kwa sababu hunioni: sauti ile bado ni nzuri kuliko zote, na sasa naisikiliza kama mwizi.

Baba Nice, Nyegezi, Mwanza.


SHANGAZI ODETA ANAJIBU

Marahaba, Baba Nice. Nimeipokea na nitaitunza. Umri wangu tuuache kwenye picha.

Kwanza nikusifu, maana nikianza kukugombeza sitarudi huku. Mimi nina redio ya betri ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa raba, na niliposoma habari za yule mzee wa nyatiti na pete yake niliitazama nikaionea huruma. Nestory anayegonga ubao na kuutupa, Zadok anayeuliza mwimbaji ana ukubwa gani, hao ni mafundi wa kweli, na wewe umekuwa na subira ya kuwasikiliza. Umejenga kitu kizuri. Sasa kaa kwenye hicho kiti chako kimoja, nami nikueleze ulichokosa kusikia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nilikuwa natafuta mahali ambapo Immaculata alisema, "Ni mimi niliyeimba." Hapapo. Umeandika kwamba wewe ulisema. Ulisema pale uwanjani Nansio, ukasema harusini, ukasema kwenye ubatizo mara tatu, ukasema kila walipofika wageni watano. Yeye alicheka akakuuliza kama umekula. Na kila ulipoirudia hadithi, alikwenda kuangalia chai. Baba, hakuna chai duniani inayohitaji kuangaliwa kwa miaka ishirini na mitano! Wewe mwalimu, mwanafunzi akitoka nje kila unapouliza swali lile lile, humwiti pembeni ukamuuliza kulikoni?

Kwa hiyo neno kudanganywa litoe kichwani. Kosa alilofanya, kama ni kosa, ni kushindwa kumkatiza kijana aliyetoka Misungwi kwa meli, ana njaa, macho yamemtoka, hana hata salamu. Mimi pia ningempa samaki kwanza. Ya kumsahihisha ningeyaweka kesho. Na kesho ikifuatana na kesho nyingine, ikaja harusi, akaja Nice, neno dogo linakuwa zito kama hiyo ampli ya padri, hakuna tena wa kulibeba. Na mwenzake Selina akanyamaza naye. Fikiria hilo. Wimbo ni wake, sifa zinakwenda kwingine, anakaa kwenye ubatizo ameshika mshumaa wa mtoto wako, anakusikiliza unavyoisimulia sauti yake kwa jina la mwingine, na anapiga makofi. Wanawake wawili wameitunza hadithi yako muda wote huu ili isivunjike mkononi mwako. Mimi ningewaheshimu.

Kwa nini alisimamishwa yeye mbele kwenye lile jalada? Sijui. Wewe hujui. Anayejua yuko jikoni.

Halafu unaniuliza kama ulioa picha. Nimekasirika hapo, nikaweka kalamu chini, nikanywa maji. Picha ilikuzalia watoto watatu? Picha ilikuacha uondoe sofa zake sebuleni, uhamishe zulia la chumbani, ushone blanketi kwenye pazia, na neno alilosema likawa la studio ya pasipoti? Mwanamke huyo amekuvumilia mawe, Baba Nice. Mawe mawili ya kubebwa na wanaume wanane, ndani ya nyumba yake, na bado anakupikia.

Na umeona ulivyoandika kuhusu koo? Umelipitia juu juu ukirudi kwenye shida yako. Aliye kwenye hatari hapa ni yeye. Watu mia tatu, kwaya nzima ya kwao inayojua ukweli, maikrofoni mkononi, na wimbo usiokuwa wake wala wa sauti yake. Tangu mwezi wa tano anaamka na hilo na kulala nalo, na hana wa kumwambia kwa sababu mtu wa kumwambia ndiye mwenye hadithi. Hiyo tangawizi haitafanya kazi. Wewe ndiye utakayelitibu hilo koo, na dawa yake haizidi asubuhi moja.

Kuhusu Selina: huendi kwake faraghani, si leo wala baada ya jubilei. Alhamisi urudi kiti chako cha nyuma ukasinzie kama zamani, jumuiya imekuzoea hivyo. Kuipenda ile sauti si wizi, ni nzuri, ndiyo maana iliuzwa. Siku ya kumshukuru mwenyewe itafika, na utamshukuru ukiwa umesimama na mke wako, kwa sauti ambayo na mume wake anaisikia.

Sasa fanya hivi. Leo mpigie Nice Dodoma, umwambie mama haongozi wimbo wowote mpaka atakapotaka mwenyewe, na hadithi ya meli mshereheshaji aiache kwanza, utamletea nyingine. Akiuliza sababu, mwambie ni amri ya baba. Najua hujawahi kuitumia, itamshtua, atatii. Kisha Ijumaa futa hizo chaki. Mwite Chenge mrudishe sofa moja ndani, ile ya watu wawili, pamoja na vitambaa vyake, muiweke katikati. Kila mtu atakaa pembeni kidogo na sauti itapungua uzuri. Ivumilie.

Jumamosi asubuhi usimsubiri aende sokoni. Kanda ile iwe tayari. Pika chai wewe, ili pasiwe na kitu cha kuangalia jikoni. Mkalishe. Usitaje mwanya, usitaje pumzi, usiseme "nimegundua", mwanaume akisema nimegundua nyumba nzima huingia baridi. Muulize swali moja tu: "Mama Nice, wewe uko wapi humu?" Halafu bonyeza, unyamaze, na usiinuke kurekebisha kitu.

Maana kuna jambo moja nataka nikunong'oneze, na sina hakika nalo, sijaisikia hiyo kanda wala redio yangu haiwezi kumsimamisha mtu popote. Wewe una mitambo inayotenganisha kwaya nzima mtu kwa mtu. Ulimwonea huruma yule mwitikiaji wa dansi la zamani ambaye hukumjua. Lakini kwenye kanda ya mke wako umemtafuta aliye hatua mbili mbele tu, ukaacha wengine wote. Umeniandikia mwenyewe kwamba yeye huimba sauti ya chini. Umeniandikia kwamba siku uliyomkuta alikuwa anaosha masufuria ya kwaya. Umeniandikia neno la kwanza alilokwambia. Na umeniandikia kwamba mwisho wa kanda kuna mtu mlangoni, upande wa wanawake, ambaye umewachezea wageni mara arobaini, ukiwasifia spika.

Rudi juu kwenye barua yako ukasome anachouliza.

Kwa hiyo Jumamosi wimbo ukiisha usizime. Acha noti ya mwisho ifie kwenye bati, acha bruda achelewe kuzima kama alivyochelewa siku ile, na yule wa mlangoni akishauliza swali lake, usitazame spika. Mgeukie aliyekaa karibu nawe, umjibu kama ulivyomjibu pale uwanjani Nansio.

Mwambie, bado.